Mwalimu Koku na Reli Iliyopotea Keko

Jina lake kamili ni Kokuberwa, lakini Keko nzima, kuanzia mafundi wa makochi wa barabarani hadi wauza supu, wanamwita Mwalimu Koku. Wengi wao aliwafundisha Jiografia yeye mwenyewe. Ana miaka sabini na mmoja na bado anatembea wima. Jirani hajawahi kumwona amekatiza barabara bila kujisitiri vizuri, wala hakuna anayekumbuka siku alipopandisha sauti getini. Alipomzika mumewe, alisimama mbele ya waombolezaji akasoma wasifu wa marehemu, kurasa tatu, bila sauti kukatika hata mara moja. Wakasema mama huyu ana moyo mgumu. Aliwasikia, na akaona si lazima kuwajibu.

Mume huyo aliitwa Revelian. Walitoka naye Bukoba wakiwa vijana, yeye na cheti chake cha ualimu, mumewe na barua ya ajira ya reli. Kwa miaka ishirini na miwili Revelian alikuwa mnyapara wa genge lililotunza tawi dogo la reli, lile lililochepuka Kurasini, likapita Keko, likaishia kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Kila asubuhi aliitembelea njia yake yote kwa miguu, nyundo begani, akigonga hapa na pale na kusikiliza. Kisha kiwanda kikafa. Treni ikaacha kuja. Haukupita mwaka, reli nayo ikawa haionekani tena, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Maneno yenyewe hayakuwahi kufika mlangoni kwa Mwalimu Koku. Yalipita kando, kama maji machafu yanavyopita kando ya ukuta mzuri. Mpaka Alhamisi moja mwaka huu, yalipoingia sebuleni na kuketi kwenye kochi.

Aliyeyaleta ni Bupe, muuguzi mstaafu kutoka Kinondoni, shangazi wa Lusungu, kijana aliyetaka kumwoa Asifiwe, kitinda mimba wa Mwalimu. Kwa Wanyakyusa kama kwa Wahaya, kabla posa haijajibiwa lazima ukoo uulizwe. Hutumwa mtu mzima mwenye masikio, akakae wanapokaa watu, aulize kwa upole: ni watu wa namna gani hawa? Safari hii alitumwa Bupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Bupe alikaa, akaupanga mkoba wake mapajani. "Mwalimu, mie siwezi kuzungukazunguka. Tumeuliza. Kwa binti hakuna doa. Kwako hakuna doa. Ila marehemu…" Akaitazama picha ukutani.

"Marehemu ana jina. Anaitwa Revelian."

"Mzee Revelian, tumeambiwa aling'oa reli ya serikali akaiuza chuma chakavu."

"Nani kasema?"

"Benchi zima la mafundi pale Keko. Wanasema hata nyumba hii…"

"Hata nyumba hii nini? Maliza, dada. Umetoka Kinondoni yote hiyo, usiishie njiani."

"Wanasema imejengwa kwa hizo reli."

Asifiwe, aliyekuwa anakuja na sinia la chai, alisimama mlangoni.

"Baba mkubwa wa Lusungu amesema Jumapili atakuja na jibu," Bupe aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Amesema kama ni kweli, sisi hatuwezi kuoa kwenye nyumba ya mwizi. Mie sijasema ni kweli. Nimeleta nilichokikuta."

Mwalimu Koku hakupandisha sauti. Nyumba ile aliijenga kwa mkopo wa walimu na kwa miaka tisa ya kufundisha masomo ya jioni, tofali kwa tofali, na aliyetaka kujua angeweza kumuuliza wakati wowote. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule ule reli ilipotoweka, yeye mwenyewe alimuuliza mumewe mezani, "Revelian, reli imekwenda wapi?" Mumewe aliweka kijiko chini. Akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Na wewe?" Hayo tu. Wiki mbili nyumba ilikuwa kimya kama ofisi ya Jumapili. Mwalimu Koku hakuuliza tena, kwa sababu ya heshima, alijiambia. Ila alijua fika kwamba ilikuwa ni kiburi, na pengine hofu ya jibu.

"Mama, acha tu," alisema Asifiwe. "Tumeshazoea. Shuleni walikuwa wananiita Binti Taruma, kwa mataruma ya reli, sikufa."

"Hukuniambia."

"Ungeenda kuwachapa."

"Ningeenda," alikiri Mwalimu. Kisha akamgeukia mgeni. "Dada Bupe, hiyo reli unayosema iliuzwa, wewe umekwenda ukaona kwamba haipo?"

"Si kila mtu anasema haipo?"

"Sijakuuliza kila mtu. Wewe, kwa miguu yako, umekwenda?"

Bupe alitazama viatu vyake.

"Basi kesho saa moja asubuhi tukutane Kurasini. Vaa viatu vya kutembelea."

"Mama! Na magoti yako?" Asifiwe alishtuka.

"Magoti yangu hayajashtakiwa kwa wizi."

*

Kesho yake Bupe alimkuta amekwisha kufika, kavaa kitenge na raba za Asifiwe, mkononi mtaimbo mrefu wa chuma. Chini ya kwapa alikuwa na karatasi ya miraba yenye ramani ya njia, aliyoichora usiku kucha kwa kumbukumbu. Zamani kila mwaka aliwachukua wanafunzi wa kidato cha pili kwenda kupima mteremko na mapindo ya njia ile, hivyo aliijua kona kwa kona. Yaani, kama angekubali neno kona. Reli, aliwaambia siku zote, haina kona. Inapinda polepole kama mtu mwenye adabu anayegeuka kukutazama.

Walianzia nyuma ya ukuta wa yadi ya makontena, malori yakinguruma upande wa pili. Pale vyuma viwili vilichomoza chini ya ukuta, vikatambaa hatua mbili tatu, vikazama ardhini.

"Hizi hapa!" alisema Bupe.

"Hizi zinaonekana. Twende kwenye zisizoonekana."

Mwanzoni Bupe hakuona chochote isipokuwa mji. Vibanda, mitaro, kamba za nguo, bajaji zimeegeshwa. Ndipo Mwalimu alipomsimamisha mahali penye mwinuko kidogo akamwambia atazame vizuri nyumba zilivyokaa. Nyumba zote zilifuata barabara, isipokuwa msururu mmoja uliokatiza mshazari. Kati ya migongo ya nyumba hizo palibaki uchochoro mpana wa ajabu, unaopinda taratibu hadi mbali. Watu walikuwa wamejenga kando ya reli, na reli ilipoacha kuonekana, nafasi yake haikupata mwenyewe.

"Loh," alisema Bupe. "Kama kovu la upasuaji."

Wakaingia humo. Kila baada ya hatua mia Mwalimu alisimama, akatazama karatasi, akasukuma mtaimbo ardhini. Mara ya kwanza ulizama kwenye udongo mtupu. Mara ya pili hivyo hivyo. Bupe akasafisha koo, na sauti ile ilimchoma Mwalimu kuliko maneno. Akasogea nusu hatua kushoto, akainua mtaimbo kwa mikono yote miwili, akaushusha.

Chuma kikaitika chini, sauti kavu.

Akasogea hatua moja na nusu kulia. Kikaitika tena.

"Jaribu wewe," alisema, akimpa Bupe mtaimbo.

Bupe alijaribu. Akajaribu mbele zaidi, na mbele zaidi. Mwuza chapati mmoja aliyekuwa anawatazama tangu mwanzo aliuliza kama wanatafuta bomba la maji.

"Tunatafuta mwizi," alijibu Mwalimu.

"Humo chini?"

"Humo chini ndimo alimoficha mali. Sogeza jiko lako kidogo, mwanangu."

Jiko likasogezwa. Chuma kikaitika. Mpaka wanafika Keko kwa mafundi, Bupe alikuwa amegonga mara kumi na nne, amekosa mbili tu, na viatu vyake vyeupe vilikuwa vyekundu.

*

Mzee Badru alikuwa kwenye benchi lake, anapiga msasa mguu wa kitanda. Ni mzaliwa wa Temeke, baba yake na babu yake walizikwa hapo hapo, na hakuna jambo lililotokea Keko asilokuwa na habari nalo. Ni yeye aliyempa Bupe habari juzi yake. Alipoona wanawake wawili wanamjia na mtaimbo, aliuweka mguu wa kitanda kando.

"Mwalimu, kwa amani lakini."

"Kwa amani. Umemwambia dada huyu kwamba mume wangu aliuza reli."

"Mie sikusema aliuza. Nilisema niliona malori." Badru aliinua kidole. "Malori matatu, mchana kweupe, na mnyapara mwenyewe amesimama anayaelekeza. Siku tatu mfululizo. Ya nne ukija huoni reli. Mie nilikuwaga nakaa hapa hapa. Sikuongeza hata neno."

Vijana wa karakana waliacha misumeno. Mmoja akacheka chinichini, "Leo kazi ipo." Bupe alimtazama Mwalimu kwa huruma, na Mwalimu akaikataa ile huruma kwa kutokuitazama.

"Nakuamini," alisema. "Wewe si mwongo, Mzee Badru. Sasa niambie. Malori yale yalipoingia, yalikuwa yamebeba nini?"

"Yalipoingia? Kifusi. Kifusi chekundu kile cha Pugu."

"Na yalipotoka?"

Badru akashika msasa, akaukunja, akaukunjua.

"Yalitoka yanagongagonga," alisema polepole. "Mabodi yanapiga kelele. Nakumbuka maana mke wangu alikuwa mzazi, mtoto akaamka, nikatoka kumtukana dereva."

"Mzee, lori lenye chuma haliruki," alisema yule kijana. "Linanguruma tu. Linalogongagonga ni tupu."

"Nyamaza wewe, nani kakuuliza?" Lakini Badru hakumtazama kijana. Alikuwa anatazama barabara, kana kwamba malori yale yanapita tena. "Tupu," alisema. "Wallahi, yalikuwa matupu."

"Miaka thelathini, Mzee Badru!"

"Waliniuliza kama niliona malori, Mwalimu. Niliona. Hakuna aliyeniuliza yalielekea wapi na mzigo."

Mwalimu Koku alikunjua karatasi yake kwenye benchi, akaweka kidole. "Reli imepita hapa." Kidole kilikuwa kwenye rundo la mbao za mninga, mgongoni kwa Badru, ambapo mzee yule amekuwa akiegemea mbao zake na kusimulia habari ile kwa kila mgeni.

Walihamisha mbao vijana wanne. Ilikuwa Ijumaa, na Badru aliwahimiza wamalize kabla hajaenda msikitini, lakini hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Sululu ilishuka, jembe likafuata, na kufikia kina cha mkono mmoja mgongo wa reli ulitokea, mweusi, umenyooka. Mwalimu akawaonyesha wachimbe mbele kidogo, pale vipande viwili vya reli vinapokutana. Badala ya nati na boliti zilizooza, vijana walifukua kitu kama furushi: utepe wa gunia umezungushwa mara nyingi, umelowa grisi iliyoganda, umekazwa kwa waya.

Bupe alipiga magoti kwenye udongo, na kitenge chake. Alilifungua furushi kwa vidole vya mtu aliyefunga na kufungua vidonda miaka thelathini na mitano. Ndani boliti zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani.

"Hii ni bandeji," alisema. "Mtu hafungi maiti bandeji." Akamtazama Badru. "Wala mwizi hapaki mafuta kitu anachokwenda kukiuza kesho."

Mwalimu Koku alibaki amesimama. Aliyakumbuka magunia. Mwaka ule Revelian alikaa uani jioni baada ya jioni, akichana magunia ya mahindi kwa kisu, na yeye alimgombeza: mahindi yatawekwa wapi? Mikono yake ilinuka grisi hadi mezani. Ushahidi wote ulikuwa umelala uani kwake, na yeye, mwenye vyeti, akaugombeza kisha akaufagia. Akaurekebisha mtandio.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza Bupe.

"Angesema, wangeifukua kesho yake," alijibu Badru, bila kuulizwa. "Wakati ule vyuma vilitafutwa hujaona. Mifuniko ya mitaro, mageti, hata uzio wa makaburi. Aliizika ili ibaki." Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mwalimu, mie nimekukosea. Nimemkosea na maiti."

"Umekosea."

"Lakini sasa na wewe umeitoa siri. Vijana hawa wote wameona."

"Wameona iko chini ya mbao za nani?"

"Zangu."

"Basi ikitoweka tutajua pa kuanzia kuuliza. Hongera, Mzee Badru. Umekuwa mnyapara."

Vijana walicheka hadi wakashikana mabega, na Badru mwenyewe akacheka, ingawa alichelewa kidogo kuanza.

*

Baada ya Keko njia ilibaki fupi, na Bupe alishaanza kuzungumzia sare za harusi. Walipofika kwenye kidaraja cha zamani juu ya mtaro mkubwa, Mwalimu akagonga. Udongo. Akagonga upande wa pili. Udongo. Walishuka hadi kwenye kingo za daraja wakaona wazi: vipande vinne vya reli havikuwepo, na mahali vilipokatwa paliachwa alama za msumeno, kuukuu, zimeshika kutu. Upande wa pili reli iliendelea kama kawaida hadi kwenye geti la kiwanda.

Bupe alitazama huku na huku. "Hizi nne mie sijaziona," alisema.

"Umeziona."

"Mwalimu, ninakusaidia. Yule kaka yangu namjua. Ukimwambia mia zipo na nne hazipo, atasikia nne tu."

"Asikie."

"Unataka binti yako aolewe au hutaki?"

"Nataka. Ila sitaki aolewe kwa kufichiwa. Ukizificha nne leo, siku mtu atakapoziona atasema na hizo mia zilikuwa uongo. Utasema zote, Bupe, zilizopo na zisizokuwepo. La sivyo nitasema mimi."

Bupe alimtazama yule mama mrefu mwenye raba za mtoto na mtaimbo mkononi, akatikisa kichwa. "Haki ya Mungu, mumeo alipata mwenzake."

*

Jumapili baba mkubwa wa Lusungu alikuja na suti na wazee wawili. Bupe alisema yote, akianzia Kurasini. Alipofika kwenye kidaraja alisita, Mwalimu akamkazia macho, akaendelea. Vipande vinne.

Na kweli mzee alisikia vinne. "Sasa hivyo vinne, mama," alisema, akiegemea mbele, "vilikwenda wapi?"

Asifiwe alishika mkono wa kiti. Lusungu alitazama zulia.

"Sijui," alisema Mwalimu Koku. "Ningetaka kukufurahisha ningebuni jibu, lakini sijui. Mume wangu aliizika njia nzima na kuifunga kila kiungo kwa mkono wake. Palipokuwa daraja udongo haukutosha kuifunika, na waliokuja na msumeno hawakuniaga. Siombi radhi kwa jambo ambalo si mimi wala si yeye aliyelifanya. Mimi mwenyewe nilimshuku mara moja, na hilo nitakufa nalo. Simshuku mara ya pili kwa ajili yako. Kama vyuma vinne vinawazuia kumchukua binti yangu, mlango uko wazi, na chai mtakunywa kwanza."

Chai ilinywewa. Mzee alimaliza kikombe chote kabla ya kukiweka chini.

"Mimi nilifanya kazi ya ukaguzi miaka mingi," alisema hatimaye. "Watu wote niliowakagua walianza kwa kunificha vile vinne." Akamtazama Lusungu. "Tunaoa hapa."

Bupe alianza kigelegele. Mwalimu Koku akainua mkono, kigelegele kikakatika katikati.

"Bado," alisema. "Mlikwenda kuuliza kwenye benchi. Jibu nalo liende kwenye benchi."

"Sasa hivi?"

"Wapo. Jumapili wanapiga msasa hadi saa kumi."

Ndivyo Keko ilivyoshuhudia, alasiri ile, suti tatu, vitenge viwili na maharusi watarajiwa wakipita kwa miguu katikati ya makochi na vitanda vinavyouzwa kandokando ya barabara, Mwalimu Koku mbele. Mzee Badru alisimama kuwapokea. Baba mkubwa wa Lusungu alisafisha koo, akawaambia mafundi wote kwamba ukoo wao ulikuja kuuliza hapa juu ya marehemu Revelian, mnyapara wa reli, na kwamba umerudi kusema haukumkuta na wizi, na kwamba aliyesema vinginevyo akiwa hapa aseme sasa hivi, mjane wake akisikia.

Badru alisema kwa sauti, "Ni kweli, mie shahidi." Kisha kutoka nyuma ya makabati, mtu asiyetaka kuonekana akauliza, "Na zile nne za darajani?"

Asifiwe alifumba macho. Mwalimu Koku hakugeuka hata kumtafuta aliyeuliza.

"Zitafute," alisema. "Una miguu."